Pijo la Baba na Baridi ya Julai

Iwapo umewahi kulala Runyenjes mwezi wa Julai, msomaji, utakuwa wajua kwamba kuna siku ambazo jua halionekani hadi saa sita mchana. Ukungu hushuka usiku kutoka Mlima Kenya, ukaingia mashambani na kukaa juu ya mikahawa na michai kama mgeni asiyekuwa na haraka ya kurudi kwao. Nguo hukaa kwenye kamba siku tatu. Chumvi huloa ndani ya mkebe. Na nyuma ya nyumba ya mama, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, Peugeot 504 ya marehemu baba husimama ikitokwa na jasho.

Neno hilo jasho nimelitumia makusudi. Ukipitisha kidole juu ya boneti alfajiri, kinatoka kimelowa. Bati hupoa usiku, hewa yenye unyevu huligusa, na matone hujitunga nje na ndani: chini ya kapeti, ndani ya milango, hata ndani ya tangi la petroli. Gari linalotembea hupata moto likakauka. Linalosimama huachia maji hayo yafanye kazi yake kimya kimya.

Huko Ulaya wenye magari ya kale huyafungia ndani majira ya theluji, wakihofia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, kwani chumvi hiyo hula bati. Sisi tunaoishi karibu kabisa na mstari wa Ikweta hatuna theluji ila ile ya kileleni, mita 5,199 juu. Tuna Julai.

Kwa kweli ni baridi iliyotuletea gari lenyewe. Julai 1975 baridi kali iliteketeza mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapanda, na kufikia 1976 na 1977 mkulima wa Embu na Meru alikuwa akishika pesa ambazo hakupata kuzishika maishani. Wako waliojenga nyumba za mawe. Wako walioongeza wake, na wazee bado hucheka wakiwataja. Baba, mwalimu wa shule ya msingi mwenye shamba dogo la kahawa, alinunua Pijo jeupe lililokwisha kutumika, lenye gia kwenye usukani.

Hakuchagua kwa kubahatisha. Vijana wa rika lake walizijua Peugeot kutokana na mbio za Safari, zilizoanza mwaka wa 1953. Peugeot 404 ilishinda Safari mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika mwaka wa kwanza na wa mwisho wa hiyo minne ni magari saba tu yaliyomaliza. Kisha 504 ikashinda 1975 na 1978. Baba aliweza kuyataja majina ya madereva hao kama wengine wanavyotaja mitume.

Lakini kwetu kijijini hilo halikuwa gari la mashindano. Lilibeba mabibi arusi, magunia ya mbolea na, Mungu atusamehe, jeneza mara mbili likiwa juu ya paa. Mwanamke akishikwa na uchungu usiku, mlango uliobishwa ulikuwa wetu. Mtoto mmoja wa jirani alizaliwa kwenye kiti cha nyuma kabla ya kufika hospitali ya Embu. Leo ni mtu mzima, na akipita nyumbani huligonga gari kwa kiganja kama anayemsalimia mzee.

Baba alifariki mwaka wa 2019. Hakuna aliyeliwasha gari tena. Desemba 2021, tulipokutana nyumbani kwa Krismasi, ndugu yangu mkubwa alisema amepata mnunuzi wa vyuma vikuukuu, atakayelipima kwa kilo. Niliposema nalitaka mimi, alicheka. "Wewe ni wa kuolewa. Gari utalipeleka wapi?" Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakusema neno, lakini niliona mikono yake imesimama.

Mnunuzi alipaswa kuja mwisho wa Januari. Tarehe 20 mwezi huo serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kote nchini, baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa na taifa kuingia gizani. Marufuku iliondolewa Mei. Sijui kama yuko Mkenya mwingine aliyeifurahia kama mimi. Katika miezi hiyo nilifikia mapatano na ndugu yangu: gari likiwa halijatembea kufikia Desemba, alipime kwa kilo, nami nitashika mizani.

Fundi mmoja wa jua kali mjini Embu ndiye aliyenielekeza kwa mzee fulani juu ya mji wa Meru, upande wa msitu, aliyekuwa na 404 inayotembea hadi leo. "Huko ni baridi kuliko kwenu," aliniambia. "Ukiona gari limeishi huko, muulize mwenyewe amelilisha nini."

Nilipanda matatu mwanzoni mwa Julai 2022. Barabara ya Embu kwenda Meru ni barabara ya mito. Kila baada ya mwendo mfupi unateremka bondeni, unavuka daraja, unapanda tena huku masikio yakiziba. Ukivuka Thuci umeingia Tharaka Nithi. Kisha Chuka, kisha mteremko mrefu wa Nithi, ambapo abiria wanaoijua njia hii huacha mazungumzo wenyewe. Kutoka hapo ni mlima hadi Nkubu, halafu kibao cha Ikweta ambacho wageni hupigia picha, na mara unaingia Meru. Njiani nilihesabu Pijo kumi na moja. Mbili zilikuwa zikitembea. Tisa zilikuwa mashambani, nyasi zimefika madirishani, kuku wamepanda. Hakuna hata moja iliyokuwa na dalili ya ajali. Zilikuwa zimesimama tu.

Mzee alinipokea kwa uji wa moto na maswali.

"Ni Pijo gani?"

"504, Mzee."

"La nani?"

"La baba. Tulimzika 2019."

"Pole sana, mwanangu. Na tangu hapo gari limekuwa likifanya nini?"

"Limesimama tu."

"Basi limechoka kuliko lilipokuwa likitembea."

Kibanda chake kilinishangaza kwa udogo. Kuta za mbao, zilizoachiwa upenyo wa kiganja chini ya paa ili hewa ipite. Sakafu haikuwa ya udongo bali ya kokoto, kwani udongo, alisema, hupumua maji usiku kucha. 404 yake ilikuwa juu ya magogo manne, magurudumu yakining'inia, imefunikwa blanketi kuukuu na turubai juu yake. Nami nilikuwa nimelifunika letu kwa karatasi ya nailoni, nikijisifu! Mzee alitikisa kichwa. Nailoni hufungia jasho ndani. Afadhali gari lilale uchi.

Alinieleza mengi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Kabla ya baridi, alisema, lioshe gari kwa chini kuliko juu. Matope yetu mekundu hujikusanya ndani ya matao ya magurudumu na kwenye kingo za chini ya milango, yakabaki mabichi miezi mitatu, na hapo ndipo Pijo huoza. Likauke kabisa juani. Badilisha oili kabla ya kulilaza, wala si baada, kwa sababu oili chafu ina asidi inayolamba vyuma vya injini. Jaza tangi, kusudi pasiwe na nafasi ya hewa kutunga maji. Lakini kama litalala mwaka mzima, mwaga petroli yote, kwani petroli ikikaa sana huacha gundi ndani ya kabureta. Betri ing'oe, ukailaze ndani ya nyumba. Breki ya mkono usiivute, itagandamana na ngoma, weka kigingi. Bomba la moshi lizibe kwa kitambaa, maana panya nao wanatafuta pahali pa kulala.

"Na kulipasha moto dakika tano kila Jumapili?" niliuliza, kwa kuwa ndivyo jirani yetu alivyonishauri.

"Hiyo ni dhambi," alisema. Injini baridi hutoa maji pamoja na moshi. Ukizima kabla halijapata moto sawasawa, maji yanabaki ndani ya bomba na ndani ya oili. Ama liwashe ulitembeze hadi lichemke damu, ama uliache lilale.

Jambo alilolikazia zaidi lilikuwa maji ya radieta. Injini ya 504 ina slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, na slivu hizo zimezungukwa na maji moja kwa moja. Ndiyo sababu Pijo lilipendwa na mafundi wa mashambani: slivu ikichakaa unaing'oa na kutia nyingine, hakuna haja ya kupeleka bloku Nairobi kuchongwa. Lakini aliyejaza maji ya mto, bila dawa ya kuzuia kutu, anazioza slivu zake kutoka nje bila kujua. Nilikumbuka debe la baba la kuchotea maji mtoni, nikanyamaza.

Nilichukua likizo ya wiki tatu. Fundi wa Embu alipofika kwa pikipiki na mkoba wa spana, alinisalimia vizuri, akazunguka gari, kisha akauliza, "Mwenye gari yuko wapi, dada, tuanze?" Nilimwambia ameshamwamkia. Tangu hapo tulielewana.

Tulipoinua kapeti ya upande wa dereva, tuliona nyasi. Sakafu ilikuwa imekwisha. Alikata bati lililooza hadi akafika kwenye bati zima, akachomelea kipande kipya kwa gesi, tukapaka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, si upande wa juu pekee kama wafanyavyo wenye haraka. Radieta ilitoa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Tulitoa kichwa cha injini. Slivu mbili zilikuwa zimechimbika, na ilibidi nisubiri siku nane kupata seti kutoka Nairobi. Kabureta nililisafisha mwenyewe, juu ya gazeti, kwa mswaki. Mama aliketi karibu, akitupa majina ya nyufa na mikwaruzo: huu ni wa siku ya harusi ya fulani, huu ni wa ng'ombe. Kuvunjika kwa koleo, alisema, si mwisho wa uhunzi. Nilijua hapo amechagua upande.

Jumapili tarehe 24 Julai, jioni, basi lilitumbukia mtoni katika daraja la Nithi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Nilikuwa nimevuka pale wiki tatu nyuma yake.

Asubuhi iliyofuata fundi alikuja akiwa kimya. Kazi ya siku hiyo ilikuwa breki. Wiki iliyotangulia alikuwa ameongeza mafuta mapya juu ya yale ya zamani na kusema yatatosha. Sasa alifungua chombo, akatazama ndani kwa muda mrefu. Mafuta ya breki, msomaji, hunyonya maji kutoka hewani, na miaka mitatu ya ukungu wa Runyenjes si midogo. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, maji yaliyomo huchemka yakawa mvuke, na mguu wa dereva huzama hadi sakafuni bila kukutana na kitu. Alimwaga yote. Alibadilisha raba zote, akaosha mirija hadi yakatoka mafuta safi kama maji ya kunywa, nami nikikanyaga pedeli na kuachilia kila aliposema. Ilituchukua siku mbili badala ya nusu siku. Hakudai malipo ya ziada.

Lilinguruma tarehe 3 Agosti, likatoa moshi mweupe uliofunika migomba, likatulia. Tuliliendesha hadi Embu na kurudi, tukisimama kila kilomita chache kugusa magurudumu kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kisha, kwa kuwa baridi ilikuwa haijaisha, tukalipandisha juu ya mawe manne yaliyochongwa, juu ya kokoto, tukalifunika blanketi alilolalia baba. Ni mama aliyelitoa.

Desemba ndugu yangu alikuja na familia yake. Hakutaja mizani. Asubuhi ya Krismasi aliomba ufunguo, akampeleka mama kanisani kwa njia ndefu, ile inayopita kila nyumba.

Mwezi wa Juni uliofuata nilikuwa kazini Nairobi simu ilipolia. Alikuwa yeye. Nilisikia kelele za watoto na maji yakimwagika. Alitaka kujua kama tangi hujazwa kabla au baada ya kulipandisha gari juu ya mawe.