Seva ni ya Nyumba Nzima, Gemu ni Zako: Usizichanganye

Leo naachana kidogo na mambo ya kuandika programu. Vijana wa mtaani kwangu hapa Nairobi wamenichosha kwa maswali mawili. La kwanza: je, Linux inacheza gemu? La pili: je, tarakilishi kuukuu inaweza kuwa seva ya nyumbani? Jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Ila usizipe kazi hizo mbili mashine moja. Hilo ndilo neno langu la leo, mengine ni maelezo.

Tuanze na gemu. Wine ilianza mwaka 1993, na kwa miaka mingi kuchezea gemu za Windows kwenye Linux kulihitaji subira ya mvuvi. Mambo yalibadilika Agosti 2018, kampuni ya Valve ilipotoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine na kuwekwa ndani ya Steam. Proton ni mkalimani tu. Gemu inasema kwa lugha ya Windows iitwayo Direct3D, naye anaigeuza kuwa Vulkan, lugha ambayo kadi ya grafiki inaielewa kwenye Linux.

Sasa ushauri. Kabla hujatoa shilingi yako, tafuta jina la gemu kwenye tovuti ya ProtonDB, ambako wachezaji huandika kama inafanya kazi au la. Hakikisha kadi yako inajua Vulkan 1.3, la sivyo utahangaika. Kadi za AMD huwa na draiva tayari ndani ya Linux, za NVIDIA unaongeza draiva yao. Gemu ziweke kwenye diski yenye mfumo wa ext4. Ukiziacha kwenye diski ya NTFS uliyotoka nayo Windows, Proton itakusumbua bila kukueleza kwa nini.

Na wewe shabiki wa soka, keti chini kwanza. FC 24 na FC 25 hazichezeki kwenye Linux kwa sababu ya programu yao ya kuzuia udanganyifu. Fortnite na Valorant ni vivyo hivyo. Apex Legends ilikuwa ikichezeka, ikafungiwa mlango mwishoni mwa 2024. Kama maisha yako ni FC na marafiki siku ya Jumamosi, baki na Windows au konsoli, hakuna atakayekucheka.

Haya, tuje kwenye seva. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida Oktoba 2025, na mashine nyingi nzima kabisa haziruhusiwi kupanda kwenda Windows 11. Hizo ndizo za kutafuta! Zile ndogo za ofisini, ex-UK, zinatosha mno. Weka Debian bila skrini wala kipanya, iongoze kwa SSH kutoka kwenye laptopu yako. Samba itashiriki mafaili, Jellyfin itaonyesha filamu kwenye runinga, Syncthing itavuta picha kutoka kwenye simu za watu wa nyumbani.

Kwa nini isiwe mashine ileile ya gemu? Piga hesabu ya stima. Mashine ndogo inayokula wati 25 usiku na mchana humaliza yuniti 18 kwa siku 30. Mashine ya gemu inayokula wati 80 hata ikiwa imekaa tu humaliza karibu yuniti 58. Zidisha kwa bei iliyo kwenye tokeni yako ya mwisho, uone. Tena mashine ya gemu ni ya kuchezea kwa kila maana: leo unajaribu draiva mpya, kesho imeganda, keshokutwa unaifuta uanze upya. Huwezi kuitendea hivyo mashine ambayo mama watoto ameweka picha zake zote.

Zikitenganishwa ndipo zinaposaidiana. Gemu ya gigabaiti 80 kwenye intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua karibu saa 18. Weka Lancache kwenye seva, uelekeze DNS ya nyumbani huko, na mtu wa kwanza akishapakua, wa pili anaipata kutoka sebuleni. Kwa waya wa gigabiti moja na diski yenye mbio ni suala la dakika 12 au 15 hivi. Na kwa kuwa Proton hutumia mafaili yaleyale ya Windows, mpwa wangu mwenye Windows anapakua, mimi wa Linux nachota palepale. Kama hutaki Lancache, Steam yenyewe tangu 2023 inaweza kuhamisha gemu kutoka mashine moja hadi nyingine ndani ya nyumba.

Stima ikipotea je? Nunua UPS kabla ya kununua diski kubwa. Iunganishe kwa waya wa USB, weka programu ya NUT, seva itajizima kwa adabu betri ikikaribia kwisha. Kisha ingia kwenye BIOS uiagize ijiwashe stima ikirudi.

Mwisho, nakala za akiba. Kwenye seva yangu kuna sauti ya marehemu nyanya, dakika 40, akisimulia ukoo wetu ulikotoka. Simu iliyomrekodi ilikufa zamani. Gemu nikiipoteza naipakua tena, nyanya sitampakua popote. Kwa hiyo rsync hunakili kila usiku kwenye diski ya pili, na diski ya tatu inakaa mashambani, naibadilisha kila Desemba tunapoenda. Diski mbili za RAID ndani ya boksi moja si akiba: mwizi akibeba boksi, amebeba zote. Na usiifungulie seva milango kwenye intaneti ovyo. Ukitaka kuifikia ukiwa safarini, pitia WireGuard.

Basi, anza na kidogo. Wikendi hii seva na nakala zake, wikendi ijayo gemu. Mpangilio huo usiugeuze, tafadhali. Tukijaliwa, tutaonana tena. Mbaki salama!