Wifi, Nimeukata Mtaa wa Samora

Wifi yangu,

Uliniomba nikueleze Mtaa wa Samora ukoje, basi leo asubuhi nimeukata kwa miguu.

Nilianzia Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar ilipopata hadhi ya jiji. Magari yanauzunguka kwa honi utadhani yanasindikiza bibi harusi. Ukiupita ni maduka na benki. Hapo sikupoteza muda.

Nilikokaa ni kwenye sanamu ya Askari. Yuko katikati ya mzunguko, wa shaba, ameinama mbele na bunduki yake, singe inaelekea bandarini. Waingereza walimsimamisha mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, na wapagazi wao. Lakini wifi, kabla yake mji huu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule Mjerumani aliyepambana na Abushiri mpaka Abushiri akanyongwa Pangani mwaka 1889. Nayo ilikuwa na askari Mwafrika, ila kawekwa chini, anamtazama bwana wake juu! Waingereza waliingia mwaka 1916, sanamu ikaondolewa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Mimi nampenda huyu wa sasa, hana mtu juu ya kichwa chake. Ingawa vita yenyewe, tuseme kweli, haikuwa yake.

Na hilo jina? Wajerumani waliuita mtaa huu kwa miti ya akasia, Waingereza nao wakaendelea na Acacia Avenue. Uhuru ulipokuja ukawa Independence Avenue. Sasa ni wa Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1986. Wala jina halikuokotwa: FRELIMO, chama chake cha ukombozi, ilizaliwa humu humu Dar, Juni 1962.

Nikamalizia Bustani ya Mimea, kwenye kivuli, na kahawa chungu ya muuzaji mwenye birika la mkaa. Kashata zake zilikuwa ngumu, lakini nilikula mbili.

Ukija likizo tutapita pamoja, asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vya chini, njia ya miguu imejaa wamachinga. Kaka yako anakusalimu sana, na anasema usije bila achari ya maembe.

Wifi yako wa Dar