MUULIZE MWENYEWE



Nikikuuliza asubuhi hii, "Unaendeleaje?", najua utakavyonijibu. Utasema, "Nimebarikiwa, Mchungaji." Hata kama jana ulilala njaa. Tumezoezana hivyo, na mimi ni mmoja wa waliokuzoeza. Leo nataka nikueleze jinsi mazoea hayo yalivyonifanya nimkosee kijana wa kanisa letu. Ameniruhusu niandike, mradi nisitaje jina lake.

Alizaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung. Usishtushwe na jina. Ni la daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Mtoto huumbwa tumboni mwa mamake, lakini sehemu ya mwisho ya utumbo hukosa seli za neva zinazouwezesha kusukuma choo. Choo kikifika hapo kinakwama, na tumbo linafura. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Wapo pia wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa, au njia ikiwa mahali isipopaswa kuwa, na idadi yao ni karibu hiyo hiyo.

Majirani walimwambia mamake kwamba amerogwa. Sisi tulifanya harambee. Mtoto alipasuliwa mara tatu. Kwanza walimtolea utumbo tumboni, choo kikawa kinaingia kwenye mfuko. Kisha wakakata kipande kisicho na neva, wakavuta kile kizima hadi chini. Mwisho wakafunga lile tundu la tumboni. Jumapili iliyofuata nilimwita mamake madhabahuni, nikampa maiki, nikatangaza kwamba mtoto amepona kabisa. Kanisa lililipuka kwa vigelegele.

Miaka ikapita. Mtoto akawa kijana anayeketi kiti cha mwisho, karibu na mlango. Kesha haji. Kambi ya vijana haji. Katikati ya ibada anatoka. Siku moja Roho wangu (sikusema Roho wa Mungu) akanisukuma nikahubiri juu ya "Wakristo wa mlangoni". Kila mtu alijua namsema nani. Watu wengine waligeuka kumtazama.

Jumatatu alikuja ofisini. Akaniambia, "Pasta, mimi kuanzia Jumamosi mchana huwa sili. Nikila, siwezi kukaa ibada nzima bila kujichafua."

Mpendwa, mimi nilikuwa nikifundisha kanisa kufunga. Kumbe kuna kijana aliyekuwa akifunga kila wiki ili tu aweze kuketi pamoja nasi.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akasema, "Ulishatangaza nimepona. Ningesema nini?"

Nilikosa la kujibu.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo kuhusu ugonjwa huu. Upasuaji huokoa maisha, na wengi huendelea vizuri. Lakini wengine hubaki na choo kigumu au choo kinachotoka bila ruhusa, kwa miaka mingi. Madaktari nao walilazimika kujiuliza: tutajuaje kama tumemsaidia mtu huyu? Mwaka 2005 wataalamu walikutana Krickenbeck, Ujerumani, wakakubaliana namna moja ya kupima matokeo kwa waliozaliwa na hitilafu ya njia ya haja kubwa. Je, anahisi haja na kuweza kuizuia? Je, anajichafua? Je, choo ni kigumu? Na katika kujichafua, daraja zito zaidi si suala la mara ngapi peke yake. Wanaangalia pia kama jambo hilo linamsumbua mbele za watu.

Hata hivyo waliona hayo hayatoshi. Wapo wenye matatizo mengi ya choo wanaosema maisha yao ni mazuri. Wapo ambao tumbo limetulia lakini moyo umezama. Kwa hiyo zikatungwa hojaji za kupima ubora wa maisha. Kuna moja iliyotungwa Uholanzi mahsusi kwa watu wa magonjwa haya. Inauliza kuhusu chakula, hisia, kuishi na watu, jinsi mtu anavyouona mwili wake, na kwa watu wazima hata mambo ya chumbani. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba ubora wa maisha ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake, akizingatia utamaduni wake, malengo yake na mahangaiko yake. Mtu mwenyewe! Hata majibu ya mzazi na ya mtoto hayalingani kila mara, ijapokuwa wanalala nyumba moja.

Sasa fungua Yohana sura ya 9. Mtu amezaliwa kipofu. Wanafunzi wanajadili ni nani aliyetenda dhambi. Majirani wanabishana kama ni yeye au siye. Mafarisayo wanawaita wazazi. Nao wazazi, kwa hofu ya kutengwa na sinagogi, wanasema mtoto wao ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Walisema kwa woga, lakini walisema kweli. Na alipoulizwa alieleza kile alichokijua, wala hakuongeza chumvi.

Kisha nenda Marko 10. Bartimayo ni kipofu, kila mtu anaona. Yesu bado anamuuliza anataka afanyiwe nini. Kama Bwana ajuaye yote aliuliza, mimi ni nani nijibu kwa niaba ya mtu?

Basi nami nilimuuliza yule kijana, "Unataka nikufanyie nini?" Nilikuwa tayari na mafuta ya upako mezani. Akasema, "Komeo kwenye mlango wa choo cha kanisa, Pasta. Na maji ndani."

Tulikuwa tumenunua spika mpya mwaka huo. Choo hakikuwa na komeo. Fundi alimaliza kazi kwa siku moja.

Niliomba msamaha mbele ya kanisa kwa mahubiri yale, bila kueleza siri yake. Bado anaketi nyuma, na mimi sina neno. Bado tunaomba pamoja, kwa kuwa ninaamini Mungu anaponya. Ila siku hizi sitangazi uponyaji wa mtu kabla yeye hajasema.

Mzazi, mtoto mchanga asipopata choo katika siku mbili za kwanza, tumbo likafura au akatapika kijani, usingojee maombi ya Jumapili. Mpeleke hospitali sasa hivi, tutaomba ukiwa njiani. Na wewe unayeficha shida ya mwili wako, hiyo si dhambi yako wala ya wazazi wako.

Wiki hii mtafute mtu mmoja unayedhani unamjua. Muulize anaendeleaje. Akikujibu "nimebarikiwa", usiondoke upesi.

Baba, tusamehe tuliowajibia wenzetu. Tupe masikio. Katika jina la Yesu, Amina.

Ubarikiwe.