Hamira, Khamri na Piza ya Kabungu



 

Ukurasa huu kwa kawaida huwa tunauandikia habari za mitihani. Mwaka huu tumeomba tuandike kuhusu piza, na kuhusu kosa tulilolifanya wenyewe darasani kabla hatujaipika. Wanafunzi wa darasa la fiqhi wote wanalijua. Baadhi yenu wazazi mmelisikia limeongezwa chumvi, basi ni vizuri mlisome kutoka kwetu.

Jambo lilianza baada ya likizo. Mwanafunzi mmoja alikwenda na wazazi wake harusini Dar es Salaam, akala piza kwa mara ya kwanza, na aliporudi Kabungu hakuwa na habari nyingine. Wenzake wakauliza: “Ustadhi, piza ni halali?” Swali zuri. Kabla ya kulijibu ilitupasa tuulize kwanza juu yake kuliwekwa nini. Hatukuuliza. Tulichukua chaki tukaandika ubaoni herufi tatu, khaa, mim na raa, tukaeleza kuwa neno hamira na neno khamri, yaani pombe, yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Kwa hiyo unga ulioumuliwa kwa hamira una shaka ndani yake, na muumini bora ajiepushe. Darasa zima lilinyamaza, nasi tukapendezwa. Mtu mwenye stashahada ya masomo ya Kiislamu hupenda sana darasa likinyamaza.

Wiki mbili baadaye, baada ya swala ya magharibi, alitujia mama mmoja anayepika maandazi na mikate na kuiuza hapa hapa Kabungu. Binti yake yumo katika darasa letu. Hakuja kwa ugomvi. Alisalimia, akakaa pembeni ya mkeka, akasema:

“Ustadhi, mwanangu hali chakula changu. Asubuhi anakwenda shule na njaa. Na wenzake wamewaambia mama zao, ndoo ya maandazi inarudi nusu. Mimi nimekosa nini?”

Hatukuwa na la kumjibu. Ada ya binti yule analipa yeye, kila mwezi, bila kukumbushwa, na fedha hiyo inatoka katika hamira.

Usiku ule tulimpigia simu mwalimu wetu aliyetusomesha Unguja, tukamweleza. Alicheka kwanza, kisha akauliza: “Mwanangu, ulipokuwa hapa kwangu Ramadhani nzima ukifuturu mahamri. Yale yaliumuliwa kwa kitu gani?” Kwa kweli tuliona haya hata kwenye simu. Jina lenyewe la mahamri linatoka katika mzizi ule ule tuliouandika ubaoni!

Tukarudi vitabuni, na haya ndiyo tuliyopaswa kuyasema siku ile. Mzizi wa kh-m-r una maana ya kufunika. Khamri imeitwa hivyo kwa kuwa huifunika akili, na khimari, mtandio wa mwanamke, kwa kuwa hufunika kichwa. Kama ukoo wa neno ungekuwa ndiyo hukumu, basi na khimari za mabinti zetu zingekuwa haramu. Sharia inaangalia kama kitu kinalevya. Hamira ni viumbe hai vidogo mno, jamaa ya ukungu, visivyoonekana kwa macho. Vikipata maji ya uvuguvugu na unga, hula sukari iliyomo na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoutunisha unga. Ni kweli kwamba kileo kidogo hutokea humo, lakini sehemu kubwa huondoka kwa moto, na hakuna aliyekula mkate akalewa.

Sasa tungesahihisha vipi? Kusema tu darasani hakukutosha, kwa sababu uvumi ulikwisha fika majumbani. Tukamwendea yule mama tukamwomba atufundishe kuumua unga, ili Alhamisi, ambayo madrasa haina masomo, tupike piza mbele ya wanafunzi wote na yeye ndiye awe mwalimu. Alifikiri kidogo akasema, “Hiyo piza siijui, Ustadhi, lakini mkate naujua.”

Na sisi tuliyoijua zaidi ilikuwa ile ya Forodhani, kule Unguja, ambayo ni piza kwa jina tu. Ile haina hamira. Ni unga laini uliotandazwa mwembamba kama karatasi, unatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, unakunjwa pande nne na kukaangwa juu ya chuma. Ndugu yake ni mutabbaq ya Waarabu, neno lenye maana ya kilichokunjwa, na wenyeji wengine wa visiwani huiita mantabali. Ni tamu, lakini mwanafunzi wetu hakuuliza juu ya hiyo. Aliuliza juu ya ile iliyotoka Napoli, Italia, ambayo ufundi wake UNESCO iliuandikisha mwaka 2017 kuwa urithi wa binadamu. Ile haiwezekani bila kuumua.

Alhamisi ikafika. Kwa kilo 2 za unga wa ngano, mama alitia hamira vijiko 4 vya chai, chumvi vijiko 5, mafuta kidogo, na maji ya uvuguvugu lita moja na robo hivi. Maji aliyajaribu kwa kidole: yakichoma, hamira inakufa. Wavulana walikanda kwa zamu mpaka donge likaacha kunata mikononi. Kisha akalifunika kwa kanga. Mwanafunzi mmoja akanong’ona, “Khimari ya unga,” na sisi tukajifanya hatukusikia.

Jibini tulitengeneza wenyewe. Ile ya dukani ni ghali, na nyingine hugandishwa kwa kimeng’enya kinachotoka katika tumbo la ndama, ambapo ni haki kuuliza ndama yule alichinjwa vipi. Tulinunua maziwa lita 5 kwa wafugaji, tukayachemsha, tukayaondoa motoni na kukamulia ndimu kidogo kidogo huku tukikoroga polepole mpaka yakakatika. Tukayachuja kwa kitambaa safi, tukaweka jiwe juu. Ilipatikana karibu kilo moja kasoro. Haiyeyuki ikavutika kama ile ya mjini, lakini haina swali.

Nyanya zilipikwa na kitunguu saumu mpaka maji yakakauka, nyama ya kusaga ikakaangwa pembeni. Kazi ngumu ilikuwa moto. Oveni hatuna. Tuliweka mchanga chini ya sufuria kubwa, sinia dogo juu yake, mfuniko, na makaa yakapaliwa juu. Piza ya kwanza tuliisimamia sisi wenyewe, na ilitoka nyeusi chini, mbichi juu. Mama hakusema kitu mpaka tulipomtazama. Ndipo akasema taratibu: “Makaa mengi yawe juu, Ustadhi. Chini machache tu. Na usifunue kila mara.” Ya pili ilichukua robo saa na kidogo, ikatoka imeumuka pembeni, rangi ya dhahabu. Zilitoka tisa nzuri.

Kabla ya kula tulisimama mbele ya wanafunzi na wazazi wachache waliokuja, tukasema kuwa siku ile tulizungumza bila elimu, jambo ambalo aya ya 36 ya Suratul Israa inalikataza. Kuwa hamira ni halali, maandazi ni halali, mahamri ni halali. Na kuwa katika piza linaloulizwa ni nyama iliyowekwa juu, kwani nchi nyingi huweka ya nguruwe, na jibini kama ina shaka. Tukamwomba radhi mama yule kwa jina lake. Akasema ameshasamehe, tuache maneno, chakula kinapoa. Binti yake alikula vipande viwili. Tulihesabu.

Wakati wa kuosha vyombo mwanafunzi mmoja wa miaka kumi na mbili, ambaye katika mitihani si wa kwanza wala wa pili, alitufuata akauliza kwa adabu kabisa: “Ustadhi, yako mengine uliyotuambia namna ile?”

Swali hilo hatukulitegemea. Tukamjibu kwamba hatujui, na kwamba akae na wenzake, waandike yote wanayoyakumbuka ambayo tuliyasema bila kutaja dalili, watuletee. Wameleta matatu. Mawili tumeyapata vitabuni kama tulivyoyasema, alhamdulillah. La tatu bado tunalitafuta, na mwalimu wetu wa Unguja ameahidi kupiga simu.