Mlango wa Mabati

Wasee, hii stori nimeikalia miaka. Nikisikia mlango wa mabati ukigongwa kwa nguvu, mikono yangu huanza kutetemeka. Naweza kuwa nakula chapo ndengu zangu poa tu, mlango wa jirani ulie paa!, na hamu yote ya chakula inaisha hapo hapo.

Najua ilianzia wapi. Kura ya urais ilirudiwa tarehe 26 Oktoba 2017, na kesho yake Kawangware ikawaka. Nilikuwa darasa la saba. Mama alitulaza chini ya kitanda, mimi na mdogo wangu, tukawa tunasikia mabati yakigongwa plot kwa plot. Asubuhi kibanda cha mama mboga wetu kilikuwa majivu. Mwaka uliofuata tukahamia Kibera, huku Makina, na hakuna mtu kwetu aliyetaja usiku huo tena. "Shukuruni Mungu mko hai," mama alisema. Stori ikaisha hapo.

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu mmoja aliona nashtuka ovyo darasani, akanipeleka kwa mshauri. Mshauri alikuwa mtu poa. Shida ni kwamba nilikuwa namsimulia usiku ule kama mtangazaji wa habari za saa moja, sauti kavu. Akiniuliza nahisi nini sasa hivi, koo linafunga. Baada ya vikao vitatu nikaingia mitini.

Yoga ilikuja baadaye. Beshte yangu alinivuta kwa darasa la bure la Jumamosi hapa Kibera. Mimi nilidhani yoga ni ya watu wa Westlands. Kumbe kuna Africa Yoga Project, ilianza Nairobi mwaka 2007, na imefunza vijana wengi wa mitaa kuwa walimu. Wetu alikuwa msee tu wa mtaa, anafundisha kwa Sheng. Wiki tatu za kwanza nililala usiku kama mtoto. Wiki ya nne, tukiwa tumelala chali macho yamefumbwa, upepo ukapiga mlango. Nililia, nikakimbia nje bila viatu.

Nilikaa pale nje nikiogopa kichwa changu. Yoga ilikuwa imefukua kitu, na sikuwa na mtu wa kunisaidia kukibeba. Kwa mshauri kulikuwa na mtu, lakini mimi ndiye nilikuwa nimejifunga. Jumatatu nikarudi kwake na stori ya viatu.

Tukabadilisha mtindo. Kabla ya kuongea, naweka nyayo chini, natoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Naongea kidogo. Mikono ikianza kutetemeka tunasimama, namwambia ninachohisi na kiko wapi mwilini, tunapumua, tunaendelea. Ukitoa pumzi polepole moyo hupunguza mbio, na mwili ukitulia maneno yanapata njia.

Na si mimi tu. Mwaka 2014, Bessel van der Kolk na wenzake Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu, wote tayari wakiwa kwa tiba. Nusu waliongezewa yoga kwa wiki 10. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Upande ule mwingine, waliopewa masomo ya afya, walikuwa 6 kati ya 29. Hapa Nairobi, utafiti uliochapishwa 2017 ulihusisha wanawake 421, wengi wakiwa wamepitia ukatili. Wahudumu wa afya wa mtaani, watu wasio wataalamu wa akili, waliwapa vikao vitano vya kupumua polepole, kutatua shida moja moja na kurudi kwa watu wao. Ilisaidia kuliko huduma ya kawaida.

Sasa msiniambie mkeka wa yoga unatosha. Wale wanawake 64 hawakuacha tiba. Na kama mwalimu wako anakushika bila kuuliza, au anakulazimisha ufumbe macho, toka. Una haki ya kufungua macho na kukaa karibu na mlango.

Mama yangu aliposikia yoga alisema ni mambo ya mashetani. Sikubishana. Jioni moja stima zimepotea, nikamwambia tu, "Mathe, tupumue pamoja kidogo." Tulipumua. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema usiku ule alimziba mdogo wangu mdomo ili asilie, na akashikilia sana mpaka akadhani amemuua. Miaka hiyo yote alikuwa amebeba hilo peke yake, na sisi tukidhani amesahau.

Sikuwa na la kumwambia. Nilimshika mkono tu. Wiki iliyofuata akauliza yule mshauri hupatikana siku gani.

Mlango bado unalia paa. Mikono bado inatetemeka kidogo. Siku hizi namaliza chapo zangu.

Kama nawe umebeba kitu, piga 1199 ya Kenya Red Cross, ni bure. Uko chini ya miaka 18? Piga 116. Na kama hauko tayari kuongea, anza na nyayo chini na pumzi moja ndefu. Halafu tafuta mtu.