Mnazi na mchanga wake

Katika msikiti wa Dimbani, Kizimkazi, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe ya kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti una tarehe. Ardhi inayouzunguka haikuwa na hati. Kwa ada ya Wahadimu, mti ni wa aliyeupanda na ardhi ni ya mji. Mtu aliweza kuuza mnazi wake asiuze mchanga unaoushika.

Ada kama hiyo haikuulizwa neno mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana Sultani Barghash aachiwe visiwa na, huko barani, ukanda wa maili kumi tu kutoka baharini. Mwaka 1890 Ujerumani ikakubali kulipa marki milioni 4 kwa sehemu yake. Disemba 14, 1895, pwani ya Kenya ikawekwa chini ya Waingereza kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, ikabaki kupepea bendera nyekundu: bendera ya mmoja, amri ya mwengine.

Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Kila mwenye haki alitakiwa apeleke dai lake. Kisichodaiwa kikawa cha Taji la Uingereza. Waliozoea karatasi na kadhi waliwahi. Wamijikenda wengi, ambao shamba kwao lilijulikana kwa mti na kaburi, hawakuwahi; wakaamka ni maskwota pale pale walipozaliwa.

Oktoba 1963 Mohamed Shamte wa Zanzibar na Jomo Kenyatta wa Kenya walibadilishana barua, na tarehe 8 mwezi huo Sultani akauachia ukanda. Miongoni mwa ahadi zilizotolewa ni kuwa kadhi atabaki, na hati zilizokwisha andikishwa zitaheshimiwa. Kwa mwenye hati ahadi hiyo ilikuwa ngao. Kwa asiye nayo, kufuli ya pili.

Na huku visiwani? Baada ya Mapinduzi, Machi 1964, ardhi yote ilitangazwa kuwa ya serikali. Wenye mashamba makubwa wakapokonywa, wakulima wakagaiwa eka tatu tatu.

Leo hoteli zimeota ufukweni Kizimkazi. Mwekezaji hukodishiwa ardhi na serikali, na mwanakijiji hulipwa fidia ya minazi yake. Ada ya kale bado inasomeka humo: mti ni wa mtu. Lililobadilika ni neno moja tu. Pale palipoandikwa mji, sasa pameandikwa serikali; na mwenye mnazi, akishapokea fedha zake, hana tena pa kupanda mwengine.