Saa Moja ya Kwenda Mtwara

Dar es Salaam na Mtwara, kwa mstari ulionyooka, zimeachana kama kilomita 400. Ndege ya pangaboi inazimaliza kwa saa moja hivi, na Fokker Friendship za miaka ile nazo hazikuchukua muda mrefu sana kuliko huo. Saa hiyo ilikuwapo tangu zamani, ila ilikuwa ya wengine.

Sisi tulikuwa watu wa barabara, kilomita kama 560 za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mtu wa Kusini wa rika langu ukimtajia Ndundu anaguna. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mabasi na malori yalipanga foleni pale kusubiri pantoni, na Rufiji ikifurika hakuna kuvuka. Abiria walishuka wakakunja suruali, akina mama wakatandika khanga palipo pakavu, watoto wakalishwa mihogo ya kuchoma. Ukishavuka bado una Nangurukuru, Mchinga, Lindi. Masika ikichachamaa, safari ilihesabiwa kwa siku.

Bibi mzaa baba alifariki Mikindani katika masika ya namna hiyo. Baba, aliyekuwa Temeke, alizisikia habari kwenye matangazo ya vifo ya Radio Tanzania. Kwetu maiti haicheleweshwi: akifa alfajiri, alasiri yuko kaburini. Nauli ya ndege hata haikutajwa nyumbani. Baba alipanda basi akijua hawahi, akafika hitima imeshasomwa. Alichofanya, nilivyosimuliwa, ni kuwafuata walioingia kaburini, mmoja baada ya mwingine, na kuwauliza walimlazaje mama yake.

Shangazi alipofariki nilipigiwa simu usiku, asubuhi nikapanda ndege. Chini niliiona delta, mikoko imefumbata matawi ya mto hadi baharini, upande wa Mafia. Adhuhuri nilikuwa Mikindani, na alasiri nilishuka kaburini nikampokea dada yake baba kwa mikono yangu. Baba mwenyewe alikuwa ameshatangulia. Nilimlilia shangazi, na nilimlilia yeye pia, kwa saa moja aliyoikosa.

Siku hizi lami imefika, na basi la alfajiri linaingia Mtwara jioni. Lakini jioni si alasiri. Binamu zangu wa Mbagala, ambao mfuko wao hauifikii ndege, walitukuta tumeshatoka makaburini. Na barabara yenyewe bado haiaminiki: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata maeneo ya Somanga, abiria wakakwama njiani kama enzi za pantoni.

Ningekuwa na sauti kwenye mashirika ya ndege, ningeomba nauli ya msiba: viti viwili vya nyuma kila asubuhi kwa bei ya basi, apewe mtoto wa marehemu kwanza. Visipopata mfiwa, viuzwe kama kawaida.